Mkono Ulionyooshwa Mara Tatu

Mjukuu wangu alipopangiwa shule ya mtaani kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, alihamia kwangu na sanduku moja, bunda la karatasi za manila na mfuko wa vifuniko vya soda. Mimi niliishia darasa la saba, tena nilitoka wa tatu, na anayebisha aje nimwonyeshe cheti. Basi kila jioni, vyombo vikishaoshwa, nilikaa kwenye kigoda nikawa darasa la pili, naye akanifundisha somo la kesho yake.

"Haya, vifuniko kumi na viwili, watoto watatu. Kila mmoja atapata vingapi?"

"Inategemea nani mkorofi kati yao."

"Wewe mwanafunzi una mdomo!"

"Nifukuze basi, mke mwenzangu, nikapumzike."

Alicheka mpaka chaki ikamdondoka. Kisha alijaza daftari la tafakari, maana chuo kiliwataka waandike kila siku: somo limekwendaje, nani ameelewa, nani ameachwa nyuma. Alikuwa akinisomea. Karibu kila ukurasa alikuwamo mtoto mmoja wa kike ambaye wenzake walimwita Kimya. Mama yake alifariki shule zilipokuwa zimefungwa, na tangu zifunguliwe hakuna aliyesikia sauti yake darasani. Kuandika aliandika, tena vizuri, kwa mkono wa kushoto, shavu limelala juu ya daftari. Mjukuu wangu hakumlazimisha. Alichutama kando ya dawati lake akamwambia, "Siku utakayonyoosha mkono, nitakuita wewe kwanza. Hata kama darasa zima limenyoosha."

Wiki sita zikapita. Mkono haukunyooka.

Ikakaribia siku ya msimamizi wa chuo kuja kumpima. Akianguka somo lile, mwaka mzima umekwenda na maji. Jioni ya kuamkia siku hiyo binti aliisukuma sahani kando. "Bibi, nikimwita asiyejua mbele ya yule mzee, nimekwisha."

Nami, kwa kiherehere changu cha kujua kila kitu, nikampa mbinu ya mwalimu wetu wa zamani, aliyoitumia wakaguzi wakija. Watoto wote wanyooshe, darasa lionekane limechangamka. Anayejua anyooshe mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mgeni aliyekaa nyuma hatatambua lolote, na mwalimu anajua wa kumchagua.

"Huo si udanganyifu, Bibi?"

"Udanganyifu gani? Nani ataumia?"

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Asubuhi aliwaelekeza watoto mapema, wakaelewa haraka kama mchezo. Kimya hakuwapo. Alikuwa bado anateka maji ya kwao, akaingia darasani nyuma ya msimamizi, na mwalimu wake kwa hofu aliyokuwa nayo hakuliona hilo.

Swali la kwanza, mikono yote juu. Na wa Kimya umo, kwa mara ya kwanza. Wa kushoto. Mjukuu wangu alishtuka kwa furaha, halafu akajiambia: hajui huyu, anafuata maelekezo tu, nikimwita nitamwaibisha. Akamwita mwingine. Swali la pili ikawa vilevile. La tatu Kimya alisimama kabisa, mkono wa kulia umeushikilia wa kushoto usichoke. Akaitwa kiranja.

Msimamizi alisifu jinsi wanafunzi walivyoshiriki, akampa alama za juu kuliko wenzake wote waliopangiwa shule ile.

Mimi huku nilikuwa nimeshamwagiza seremala fremu, na msumari nimeupigilia ukutani mwenyewe. "Lete karatasi ya alama tuitundike!" nikamwambia hata hajavua viatu. Alinipa daftari moja katika yale aliyoleta kusahihisha. Majibu yote matatu yalikuwamo, sahihi, kwa mwandiko uliolala upande.

"Kiranja kaniambia alichelewa. Hakuyasikia maelekezo," alisema. "Bibi, alikuwa anajua. Alikuwa ananiita."

Akakaa kwenye kigoda changu akalia, na mimi nikasimama kama mgeni nyumbani kwangu.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho pale. Alimpigia magoti yule mtoto akamwomba radhi. Mtoto akaitikia kwa kichwa, adabu anayo. Kisha mjukuu wangu akauliza swali jepesi, la mbili mara mbili. Darasa zima likanyoosha. Kimya alikuwa ameikalia mikono yake, yote miwili.

Fremu nilimrudishia seremala. Daftari la tafakari liko kwangu. Ukurasa wa mwisho, penye nani ameachwa nyuma, pana jina kamili la mtoto na hakuna kingine. Mjukuu wangu sasa ni mwalimu mbali na hapa. Akipiga simu, kabla ya kuniuliza hali ya miguu yangu, huuliza, "Umemwona?"

Namwona. Hupita na ndoo yake, nikimsalimia ananipigia goti, anakwenda.

"Anaongea, Bibi?"

Na mimi, mwanafunzi mwenye mdomo, nanyoosha mkono wa kushoto, kana kwamba ataniona.