Pikipiki ya Ushirika na Safari ya Urambo

Sisi tuliokulia Bariadi miaka ile ya ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa, tulikua tumechanganyikiwa, na sioni aibu kulisema. Juzi duka la jirani yetu pale Somanda lilikuwa na chumvi, viberiti na rafu tupu. Leo mlango uleule umening'iniza makoti ya mitumba yenye manyoya, utadhani Simiyu kunaanguka theluji, na ndani kuna redio za kaseti na biskuti ambazo hatukujua kama ni za kuliwa au za kupamba kabati. Shuleni tuliendelea kuimba kwamba mali ya umma ni jasho la wote na tuilinde kwa nguvu zote. Tukitoka pale, na vumbi letu miguuni na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mifukoni, tunapishana na malori ya watu binafsi yanayopakia pamba. Mwaka uliotangulia, mtu binafsi akinunua pamba alikuwa mlanguzi. Sasa alikuwa mgeni anayeandaliwa kiti.

Nani angetueleza? Wakubwa wa siku zile hawakuwaeleza watoto kitu. Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, alikuwa na jibu moja kwa maswali yote: "Ukikua utajua." Nimekua. Mengine bado sijayajua.

Baba yangu, Masunga, alikuwa bwana pamba wa chama cha ushirika, na ushirika ulimpa pikipiki nyekundu ya kazi, yenye herufi nyeupe kwenye tangi. Ilikuwa imezeeka tayari, lakini ukoo mzima uliujua mlio wake. Ikitokea upande wa Dutwa, sisi tunaoruka kamba uwanjani tulikuwa tunaisikia kabla mbwa hawajaisikia. Kuigusa ilikuwa mwiko. Ndugu yangu mdogo aliwahi kupanda juu yake akajifanya anaendesha, akateremshwa kwa sikio. "Hii si yangu," Baba alisema. "Ni ya umma. Umeomba ruhusa kwa umma?"

Basi kiangazi kimoja, nikiwa darasa la tano, Baba alirudi nyumbani mchana akiisukuma. Hakuwa ameipanda, alikuwa anaisukuma kama mtu anayeswaga ng'ombe mgonjwa. Akaiegemeza kwenye ukuta wa jiko, akamwambia Mayu, "Ni yetu sasa." Mayu alikuwa anaanua michembe. Hakufurahi. Aliendelea kuanua.

Kesho yake Baba hakwenda kazini. Alichukua msasa akaanza kuzisugua zile herufi nyeupe. Nilisimama mlangoni nikiangalia U ikiondoka, kisha S. Jamani, mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwenye somo la siasa! Nilijua kabisa mtu anayefuta jina la mwenye mali anaitwaje.

Baada ya hapo alikuja fundi Ngusa, rafiki yake Baba, mtu mfupi mwenye kucha nyeusi za oili. Wakaifungua pikipiki yote na kuvitandaza vyuma juu ya gunia la pamba. Mimi nikajifanya nachambua mchele karibu yao.

"Umbali huo si wa mchezo," fundi Ngusa alisema. "Itengeneze kama mtu asiyetegemea kurudi nyuma. Ukishavuka Nzega, hakuna anayekujua."

"Ndiyo maana nataka niondoke kimya," Baba alijibu. "Sitaki maneno ya majirani."

Mchele wangu ulimwagika. Leo najua fundi alikuwa anazungumzia mafundi, kwamba huko mbele hakuna atakayemkopesha spana. Siku ile nilielewa kwamba baba yangu ameiba pikipiki ya umma na anatoroka, na sisi anatuacha. Baba yake Holo, mwenzangu wa dawati moja, alikuwa ameondoka hivyohivyo baada ya kupunguzwa kazi. Alisema anakwenda kutafuta, na mpaka tunamaliza shule alikuwa bado anatafuta.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili bila kula vizuri. Nikimwangalia Baba anavyopuliza kabureta kwa mdomo, nampenda. Nikiukumbuka ule wimbo wa shule, namwogopa. Siku ya tatu nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Jidayi.

"Shikamoo, Guku."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetumwa?"

"Sijatumwa. Kuna mali ya umma nyumbani."

Niliposema hivyo nikaanza kulia, na nadhani kilio ndicho kilichomtisha kuliko maneno.

Alasiri alikuja na mgambo mmoja mwenye fimbo. Majirani, ambao Baba hakutaka wajue chochote, wakajaa uwanjani kama kuna msiba. Baba aliinuka, mikono imejaa girisi, akasalimia kwa adabu, akaingia ndani akatoka na karatasi yenye mhuri. Mzee Jidayi aliisoma muda mrefu sana kwa mtu ambaye wote tulijua macho yake hayaoni karibu. Mwishowe akampa mgambo, mgambo akasoma kwa sauti kwamba pikipiki hiyo ameachiwa Masunga pamoja na barua yake ya kuagwa kazini.

"Basi, mambo ni safi," alisema balozi. "Tusamehe, bwana pamba. Ni taarifa tu tuliletewa."

"Na nani?"

Mzee Jidayi, bila huruma hata kidogo, akaninyooshea kidole. "Na huyu Minza wako."

Mayu akashika mdomo. Mimi nilifumba macho nikisubiri kofi, kwa sababu kwa enzi zetu hilo lilikuwa kosa la kupigwa na baba, kisha na shangazi akija kusalimia, kisha na mwalimu akisikia.

Kofi halikuja. Watu walipoondoka Baba alikaa juu ya debe, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaniambia, "Mayu, umeilinda mali ya umma. Umefanya ulivyofundishwa. Sasa njoo uanze na cheni."

Naye alikuwa ananiita mayu, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. Neno hilo likanimaliza. Nililia huku nasugua cheni kwa mafuta ya taa.

Ndipo aliponieleza, na ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kunieleza jambo. Kazi ya ushirika ilikuwa imekwisha. Kaka yake, baba mkubwa Shija, alikuwa amehamia Urambo na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, na aliandika kwamba huko ardhi ipo, watu waje. Baba alitaka akaone kwa macho yake kabla ya kututoa Bariadi wote. "Na wewe utakwenda na mimi," alisema.

"Mtoto wa kike juu ya pikipiki mpaka Urambo?" Mayu aliuliza kutoka jikoni.

"Huyu akiona kitu hanyamazi," Baba alijibu. "Namhitaji."

Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinisema.

Likizo ikawadia na kazi ikapamba moto. Vijana wa leo, pikipiki ikikohoa kidogo wanapiga simu. Sisi tulikaa nayo wiki nzima. Tulifua chujio la hewa kwa mafuta ya taa, kwa sababu vumbi la mbuga zetu ni laini kama unga wa muhogo na linaingia popote. Tulisugua pointi, vile vyuma vidogo vinavyogusana kuleta cheche, kwa msasa laini. Tulikaza spoku moja moja, Baba akizigonga kwa bisibisi na kusikiliza. Iliyolegea ilitoa sauti ya kopo bovu. Waya mpya wa klachi hakuutia mfukoni, aliufunga sambamba na ule wa zamani, kutoka kwenye mpini mpaka chini kwenye injini, ili wa zamani ukikatika ahamishe ncha tu. Chini ya kiti tukaweka plagi ya akiba, tyubu, viraka na solusheni ya kuvibandikia, koili la waya wa kufungia, na kipande cha sabuni ya mche.

"Sabuni ya kuogea?" niliuliza.

"Ya dawa," alisema, akacheka peke yake.

Alikwenda Dutwa na kurudi mara mbili kuijaribu, na kila akirudi tulikaza tena kila nati. Fundi Ngusa alisema nati za chombo cha zamani ni kama ahadi za mkwe, usizikague mara moja ukaridhika.

Tuliondoka asubuhi jua likichomoza, mimi nimevaa koti la mitumba lenye manyoya, nimefungwa kanga ya Mayu kiunoni hadi kwa Baba ili nikisinzia nisidondoke. Nyalikungu tulinywa chai. Shinyanga nilihesabu magari mpaka nikachoka. Nzega tulilala kwa binamu wa Mayu, na kweli tulipoivuka hakuna aliyetujua. Misitu ya miombo ikaanza, miti mingi kuliko niliyowahi kuona maishani, na mimi niliyezoea upeo wa mbuga nikahisi kama tumeingia ndani ya nyumba ya mtu bila kubisha hodi.

Huko ndiko tangi lilikopasuka ufa mdogo kwa mtikisiko, petroli ikaanza kudondokea buti la Baba. Akasimama, akatoa ile sabuni, akailainisha kwa vidole, akausugua ufa mpaka ukaziba. Mbele kidogo ya Tabora waya wa klachi ukakatika. Tulihamisha ncha, tukaondoka, na aliyekuwa ameshika spana ni mimi. Sijawahi kujivunia cheti chochote kama nilivyojivunia dakika zile.

Kwa baba mkubwa Shija tulipokelewa kifalme. Ng'ombe walijaa zizi wakamwagika nje. Mahindi yalikuwa kwenye vihenge virefu. Nilikunywa maziwa mpaka nikakataa, jambo ambalo kwetu halikuwahi kutokea. Binamu yangu Nkwimba, tuliyelingana umri, alinishika mkono akanitembeza kote na kunionyesha kila ndama kwa jina.

"Uko darasa la ngapi?" nilimuuliza.

Akacheka kama nimeuliza amekwenda mwezini mara ngapi. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, na ng'ombe walikuwa upande huu. Akanyanyua kopo letu la oili ya pikipiki akaniambia nimsomee yaliyoandikwa. Nikasoma. Akasema nirudie. Nilirudia mpaka akaweza kuyasema yale maneno mwenyewe, kopo akiwa amelishika kichwa chini.

Siku moja kabla ya kurudi, Baba alinichukua pembeni ya zizi. "Umeona. Niambie, tuhamie?"

Nilichanganyikiwa kuliko siku ya msasa. Tumbo langu lilisema ndiyo. Nyumbani kazi haipo, huku kuna maziwa. Na nani anamuuliza mtoto wa darasa la tano swali kama hilo?

"Maziwa ni mengi, Baba," nilisema. "Lakini Nkwimba hajui kusoma. Kopo la oili alilishika kichwa chini."

Jioni ile alizungumza na kaka yake, nikasikia baba mkubwa amepandisha sauti: "Umekuja mwendo wote huu kuniambia hapana?" Asubuhi tukaagana, wao wawili bila kutazamana, na hawakuzungumza tena kwa miaka mingi.

Tulibaki Bariadi. Baba akaweka benchi la ufundi jirani na barabara ya hospitali, pamoja na fundi Ngusa, akatengeneza pikipiki za watu mpaka macho yalipomkatalia. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu. Kuna miaka tulilala na uji mtupu, na Mayu akimwangalia Baba naye akiangalia pembeni, nikajua wote wawili wanayawaza yale maziwa. Hakuna aliyesema kwamba niliamua mimi. Hakuna aliyesema pia kwamba sikuamua.

Sasa ni lami. Vijana wa bodaboda pale Somanda wana taa za rangi na spika zinazotikisa madirisha, na ukiwauliza pointi ni nini watakwambia ni za mpira wa miguu. Asubuhi unapanda basi Bariadi, jua halijazama uko Tabora, na njia nzima umelala. Watoto wanaambiwa kila kitu, na wasipoambiwa wanakiangalia kwenye simu. Nami napenda kuwasimulia wenzangu wa rika langu, kwenye yale makundi yetu ya simu, jinsi sisi tulivyokuwa na raha: michembe, kamba, vumbi, baba waliojua kuziba tangi kwa sabuni.

Mwezi uliopita wajukuu wa baba mkubwa walimuunganisha Nkwimba kwenye kundi la ukoo. Haandiki, anatuma sauti. Nilikuwa nimerekodi maneno marefu kuhusu utoto wetu na uzuri wa siku zile, watu wakaweka vicheko na mioyo. Kisha ikaingia sauti yake, fupi, nyuma yake ng'ombe wanalia.

"Minza, dada yangu, nimekusikia. Ila sijaelewa. Hizo siku nzuri zilikuwa lini? Mimi nilikuwa nachunga."

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli. Nimeisikiliza tena na tena, nimebonyeza kitufe cha kurekodi, nimefuta.