Majina Aliyotufundisha Bibi

Juzi nilishuka Kibiti kupata chai, nikamuuliza binti muuzaji kama ana vibibi. "Vibibi ndiyo nini, mama?" akauliza kwa adabu. Nikanywa chai kavu, na Mohoro, kijiji chetu cha utotoni kando ya mto, ikanirudia yote.

Bibi mzaa mama alikuwa mpika vitafunwa, mwenzangu. Mchele wa bondeni tuliuloweka jioni, alfajiri tukautwanga, nazi zikakunwa, iliki ikanukia hadi njiani. Kila kimoja alitaka kiitwe kwa jina lake. Kinene, kilichokauka pembeni, kitumbua. Chembamba cha tui, laini kama kitambaa, kibibi. Kikavu kilichogandiwa na sukari, kisheti. Aliyesema "nipe hicho" hakupewa.

Mdogo wangu tu ndiye aliyesamehewa. Umri wa kuongea ulimpita hajatamka neno, na majirani walishasema ni bubu. Bibi alimkalisha karibu na jiko kila asubuhi, akamwonyesha kimoja kimoja na kumtajia polepole, kisha akampa ale. Msimu mzima. Siku moja mtoto akanyoosha mkono, akasema, "Kibibi." Bibi aliweka upawa chini akalia. Hadi tunavuna mpunga, alikuwa anayataja yote.

Mwaka uliofuata mto ulifurika ukaingia ndani. Tulikimbilia kwa ndugu, kwenye mwinuko, na huko mdogo wangu akashikwa na homa na kuharisha. Njia ya zahanati ilikuwa chini ya maji. Baba alihangaika kutafuta mtumbwi, na ulipopatikana mtoto hakuweza tena kukaa. Bibi alimpakata. Midomo imemkauka, akasema, "Bibi, nataka kisheti." Unga wetu na sukari vilikwenda na maji. Bibi akamwambia atampikia wakirudi nyumbani.

Alikata roho mtumbwini, mapajani mwa bibi, zahanati tukiiona.

Maji yalipotoka tulirudi. Bibi alipika tena, maana ilibidi tule, ila visheti hakuvigusa. Majina pia aliyaacha. Mtu akija, alimsogezea sinia tu, na wadogo zetu waliozaliwa baadaye hakuwafundisha.

Sasa bibi hayupo, na pale palipokuwa na jiko pameota matete. Mimi najua kuvipika vyote. Lakini wanangu wakitaka kitu kitamu, huwanunulia biskuti dukani, nao hushukuru, hawajui kama kulikuwa na kingine.