Moto wa Mwezi wa Choitro

Bwana utumishi wa shamba la mkonge alileta habari ya kuhama akiwa amesimama mlangoni. Alikataa hata kiti. Fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, alitakiwa kuripoti Mikumi kwenye karakana ya barabara kabla mwezi wa tatu haujaisha. Aende na familia yake, na nyumba aikabidhi. Habari ilikuwa ya jirani zetu, lakini sisi nasi tuliisikia yote, maana kati ya ua wao na wetu palikuwa na minyaa tu, na bwana utumishi hakujua kunong'ona.

Mke wa fundi alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini.

"Mwezi huu hapana," alisema.

"Mama, hii ni amri ya kazi. Si harusi kwamba tupange tarehe."

"Mwezi huu Choitro. Choitro mtu hahami nyumba. Mwezi ujao mimi natoka, hata kwa miguu."

Bwana utumishi alimtazama fundi kwa jicho la kumtaka amwonye mkewe, kisha akaondoka. Fundi alibaki anafuta mikono kwa kitambaa cha grisi, mikono ambayo ilikuwa safi tayari.

Walikuwa Wabengali. Mtaani tuliwaita Wahindi, na yule mama alitusahihisha kila mara, kwa upole, huku akijua kwamba kesho atarudia. Shamba lilipotaifishwa baada ya Azimio, Wazungu walifunga mizigo, fundi akabaki kwa kuwa hakuna mwingine aliyeielewa ile korona. Sasa vijana wetu walikuwa wameshajifunza kwake, na huko Mikumi mitambo ya barabara kuu ilikuwa inalala bila mtu wa kuitengeneza. Asiporipoti, kazi imekwisha, na kibali chake cha kukaa nchini kinakwisha pamoja nayo. Hilo kila mtu alilijua.

La pili nalo tulilijua. Walikuwa na binti mmoja, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kabla yake alikuwapo wa kiume. Walipotoka Tanga kuja Kilosa walihama katika mwezi wao unaoitwa Poush, ambao pia ni mwezi wa kutohama, kwa sababu kazi haikusubiri. Mtoto yule hakuimaliza masika. Tangu hapo mama yake hakubishana tena na miezi.

Mimi nilikasirika, na si kwa bwana utumishi. Nilimkasirikia yeye. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kidogo, nimerudi kwa wazazi na talaka yangu, eda nimeimaliza juzijuzi. Nilikuwa nimechoshwa na miezi inayomwambia mwanamke akae ndani. Nikamwambia mama kwamba jirani yetu atamponza mumewe kwa ajili ya ujinga wa kalenda.

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Baba yako alikuoza Mfunguo Tano. Watu walimwambia mwezi huo una nuksi, hakusikia. Matokeo tunayo humu ndani, yanakula ugali."

"Niliachwa kwa sababu mume wangu alikuwa mlevi."

"Na ulevi aliuanza mwezi gani?"

Kwa mama yangu hushindi.

Jioni ile fundi alikuja kukaa na baba barazani. Nilikuwa nachambua mboga karibu yao, nikasikia kalenda yenyewe ilivyozaliwa. Zamani, alisema, nchi yao ilitawaliwa na mfalme wa Kiislamu aliyekaa mbali, na kodi ya mavuno ilidaiwa kwa miaka ya mwezi mwandamo. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua, kwa hiyo siku ya kodi ilirudi nyuma mwaka hadi mwaka, mpaka watoza kodi wakawa wanagonga milango huku mpunga ungali mbichi shambani. Mfalme akamwita mtu wake wa nyota. Wakaichukua hesabu ya miaka kutoka Hijra, wakaifunga kwenye jua isisogee tena. Baba alipouliza mwaka wao wa ngapi, wakakuta idadi yao na yetu zinakaribiana, kama ndugu waliotoka nyumba moja wakaachana njiani.

"Lakini kuna wanaosema si yeye," fundi akaongeza. "Kwamba kulikuwa na mfalme wa Kihindu, wa kale zaidi. Mke wangu anamtaka huyo."

Baba alicheka. Yeye mwenyewe Ramadhani ameifunga kwenye jua kali na kwenye matope, na hakuna mwaka aliopanda mahindi kwa kuangalia mwezi mwandamo. Fundi akamweleza kwamba miezi yao imepewa majina ya nyota, ile ambayo mwezi mpevu husimama karibu nayo, na kwamba Choitro ni wa mwisho. Mwezi wa kumaliza mambo. Katikati ya Aprili unaingia Boishakh, na mwaka unafunguka. Siku yenyewe haianzi usiku wa manane kama ya ofisini, wala magharibi kama yetu. Inaanza jua likichomoza.

"Kama saa zetu za Kiswahili," baba akasema.

"Kama saa zenu. Lakini bwana utumishi ana saa ya ofisi." Halafu akatoa kile kitambaa cha grisi, akaanza tena kufuta mikono iliyokuwa safi. Sijawahi kupenda kuona mwanaume mzima akiogopa. Hasira yangu ilipungua papo hapo.

Njia aliipata mama yangu. Yeye ni mzaliwa wa Vidunda, milimani, ambako watu huteremka kulima mashamba ya bondeni kwa miezi mizima bila kusemwa kwamba wamehama, mradi jikoni kwao amebaki mtu na moto. Alivuka minyaa akamwambia jirani yake, "Mwenzangu, kwetu nyumba yenye moto haijahamwa. Nenda Mikumi kama mgeni. Moto wako utabaki hapa ukikungoja."

Yule mama alimpakata binti yake, akamtazama, akatazama mafiga yake.

"Nani atakaa na moto?"

Mama akanionyesha kwa kidevu. Hakuniuliza.

Siku walipoondoka, masanduku yalifungwa kamba mafundo juu ya mafundo. Yule mama alinishika mkono. "Huko mimi mgeni," aliniambia. "Mgeni hawashi moto. Boishakh, siku ya kwanza, jua likitoka, ndiyo nahama. Dada, usiache uzimike." Nilimjibu sawa kwa mdomo. Moyoni nilikuwa bado nabisha.

Lakini moto ukishakabidhiwa unakubadilisha. Masika yalikuwa yamekolea, kuni zilikuwa mbichi, paa la jiko lilivuja juu ya figa moja. Nilikuwa naamka nikikimbilia jikoni kabla ya kunawa uso. Niliulisha magunzi, nikaukinga kwa bati, nikauzungumzisha kwa maneno ambayo sitayaandika. Kila asubuhi mama alikuja na kigae kuomba makaa ya kuwashia moto wetu. Nilidhani ananipeleleza.

Kisha dereva wa lori la karakana alipita kutoka Mikumi. Alisema mtoto ana homa haishuki. Zahanati wamempa dawa, lakini hali kitu, maana mama yake hajawasha jiko tangu wafike. Wanakula kwa mama lishe wa pale wanaposimama malori, na chakula kile mtoto anakitema. Masanduku bado yamefungwa.

"Kanituma neno moja tu," dereva akasema. "Moto unawaka?"

"Mwambie unawaka," nilijibu. Nilimwona mtoto yule anavyotembea akishikilia ukuta, na nikajua kwamba akifa, mama yake hatamlaumu Mungu wala mbu. Atautafuta moto huu.

Zilikuwa zimebaki siku chache kufika Boishakh pale bwana utumishi aliporudi. Safari hii alikuja na karani mpya, mke wa karani, watoto na magodoro yaliyolowa. Nilisimama mlangoni pa jiko.

"Shikamoo, bwana utumishi."

"Marahaba. Toa vyombo vyako, dada. Nyumba ilishakabidhiwa."

"Bado ina moto."

"Wenyewe wamehama."

"Hawajahama. Wamesafiri."

"Dada, hawa nao wana watoto. Mvua hii, unataka walale wapi?"

Mke wa karani alikuwa amefunika kichwa cha mwanawe kwa kanga, naye anatetemeka kwa baridi. Nilisogea. Bwana utumishi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka, na moshi ulimkera macho. Alichukua ndoo iliyokuwa chini ya paa linalovuja, akaimwaga yote kati ya mafiga. Jivu liliruka mpaka kwenye nguo zangu.

Nilivuka minyaa nalia kwa hasira, nikamwambia mama kwamba tumeua mtoto wa watu. Alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Asubuhi moto huu nimeuwasha kwa makaa ya wapi?" aliuliza.

Nikakiona kile kigae, kimeegemea figa.

"Na jana? Na juzi? Huo ni moto wake. Na jirani wa kule juu kaja kuomba makaa kwangu leo hii. Huyo bwana utumishi atamwaga ndoo ngapi?"

Nilikaa chini palepale jikoni, machozi yakiendelea kutoka, lakini sasa nacheka.

Lori lilirudi tena mkesha wa Boishakh. Mama alijaza makaa kwenye chungu, akayafukia kwa majivu na magunzi, akakiweka chungu ndani ya karai la mchanga, akanikabidhi nimpelekee mwenyewe. Dereva aliona uzi wa moshi nilipokuwa napanda.

"Dada, hicho kinachofuka nini?"

"Mwaka mpya."

"Nina mapipa ya dizeli nyuma!"

"Basi nikalishe mbele." Alinung'unika, akanikalisha mbele. Njia nzima aliendesha jicho moja barabarani, jicho moja kwenye karai. Tulikwama matopeni baada ya kijiji cha Ulaya, na wakati watu wanasukuma mimi nilikuwa nimeinama napuliza jivu kidogokidogo, nikiomba kwa Kiislamu changu kwa ajili ya mwaka wa Kihindu.

Tulifika Mikumi alasiri. Yule mama alitoka, mtoto begani, macho yameingia ndani. Alikitazama chungu, kisha akanitazama mimi. Nilimweleza yote, ndoo, kigae cha mama, kila kitu, kwa sababu nilitaka aukatae mapema kama ni wa kukataliwa. Alisikiliza, akainama, akaugusa udongo wa chungu kwa kiganja. Hata karibu hakuniambia. Nililala kwenye mkeka katikati ya masanduku yaliyofungwa, nikisikia pumzi fupi za mtoto.

Kulipopambazuka wingu lilikuwa zito. Kwa hesabu ya baba yangu siku ile ilishaanza jana magharibi. Kwa hesabu ya karakana, usiku wa manane. Na fundi alikuwa ameshavaa nguo za kazi. Mkewe alisimama uani, uso mashariki, amembeba mtoto. Malori yalipita. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba jua limekwisha kutoka nyuma ya wingu. Kisha wingu likapasuka chini kabisa, mstari mwembamba, na lami yenye maji ikang'aa mbele yetu.

Alinipa mtoto. Alipiga magoti akafukua jivu, akapuliza. Makaa yalikuwa mawili tu, mekundu. Kijinga cha kuni kilishika, akakiweka kati ya mafiga mapya. Akafungua fundo la kwanza la kamba kwa meno, akatoa sufuria, akapika uji wa mchele. Mtoto alikuwa angali wa moto mikononi mwangu, lakini uji ulipopoa aliunywa, akadai kikombe akishike mwenyewe.

Mama yake alijifunika kichwa, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sasa nimehama," alisema.

Nilikuwa nimekaa ndani mwake usiku kucha bila kukaribishwa. Niliinuka, nikamrudishia mtoto wake, nikatoka nje mpaka barabarani, nikarudi mlangoni, nikavua ndala, nikapiga hodi.