Mkono Uliozoea Nyongeza

Miaka kumi na minane aliuza mchele na maharage sokoni, na wateja wakampachika jina: Mama Nyongeza. Kopo likishajaa, mkono wake ulirudi guniani wenyewe, ukachota konzi moja ya juu. Hiyo si huruma. Konzi moja humrudisha mteja wiki ijayo, tena na jirani yake.

Mgongo ulipoanza kukataa magunia, akaamua kutafuta leseni ya kuuza dawa. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Alisoma mpaka daftari likachanika mgongoni. Kabla ya hapo alihitaji saini ya mfamasia aliyemfundisha kazi katika duka lake la dawa, naye ni wifi yake, mwanamke asiyefanya masihara na kipimo.

"Kitabuni umeiva, wifi," mfamasia alimwambia. "Mkono wako ndio unanitia wasiwasi."

"Mkono huu umelisha mtaa mzima."

"Huku hatulishi."

Hata hivyo, Jumamosi wifi akaitia saini fomu ya mtihani, akaiacha kaunta, akaenda stoo kupokea mzigo.

Ndipo akaja babu mmoja na cheti cha dawa cha mjukuu wake wa wiki sita, ambaye moyo wake ulipiga ovyo. Dawa ilikuwa ya maji, na macho ya babu hayakuona tena mistari ya sirinji. Aliomba ajaziwe sirinji kabisa, kumi na nne, za wiki nzima. Mama Nyongeza akajaza huku wakisemezana habari za magoti na uzee. Babu akashukuru sana, akaenda zake.

Saa nzima ikapita ndipo alipoishika chupa airudishe rafuni. Ilikuwa nyepesi. Kwa hesabu ilipaswa kubaki na robo, nayo haikuwa na kitu. Kaunta ilikuwa kavu, hakuna kilichomwagika. Muuza nafaka hahitaji kuelezwa: gunia likiisha kabla ya hesabu, kopo ndilo lililozidi. Mazoea yana taabu. Kila sirinji, mkono ulikuwa umeupita mstari.

Akaitazama fomu. Hakuna aliyeona. Aliipima bei ya kunyamaza, maana hakuna asichokipima bei, akaona hailipiki.

"Wifi, njoo. Dawa ya yule mtoto nimeizidisha."

Wifi hakumgombeza. Aliitazama chupa, akafungua kitabu cha wateja, akapiga simu kwa sauti ya nje, wote wawili wasikie. Akapokea bibi wa mtoto, mchangamfu, akiwamwagia dua. Dawa wameshampa, akasema, na mtoto aliyelia tangu alfajiri sasa katulia.

"Katulia vipi, mama?"

"Katulia tu, mwanangu. Hata nikimfinya hashtuki."

Wifi akamwambia amkimbize hospitali dakika hiyo hiyo, watamkuta huko. Kisha akaikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni mwake.

"Beba chupa," akasema. "Daktari atauliza amepewa kiasi gani, na wewe ndiye utakayejibu."