Kichwa cha Saffet Dirishani

Kwa miezi kadhaa nilikijua kichwa cha Saffet kuliko kichwa changu mwenyewe. Kila mwanzo wa mwezi alishuka kutoka ghorofa ya juu yetu, akavua viatu mlangoni, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha jikoni ambacho nilikuwa nimeshamwekea karibu na dirisha la sebuleni. Kisha akanipa simu yake. Nilimpiga picha za paji la uso, utosi, upande huu na upande ule, na mwisho kisogo, kule walikozitoa nywele za kupanda mbele. Kliniki ilimwambia asibadilishe kitu chochote, maana picha zikipigwa ovyo haziwezi kulinganishwa. Basi kiti kilikuwa kilekile, dirisha lilelile, na nywele sharti ziwe kavu. Hacer, mke wangu, alibandika vipande vya utepe sakafuni ili miguu ya kiti isihame.

Saffet ni mfunga kamba kwenye feri. Feri ikikaribia gati, yeye husimama ukingoni, hurusha kamba, huizungusha kwenye nguzo ya chuma, kisha huweka ubao ili abiria washuke. Upepo wa pale Istanbul haumwachii mtu kofia. Kofia zake ngapi zimeliwa na maji, hata yeye hajui, na kila moja ilipoondoka abiria waliona upara unaong'aa kama sinia, wakacheka. Yeye alicheka nao. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ujana wake aliumaliza akimuuguza mama yake, na mama alipofariki, Saffet akajikuta ana miaka arobaini na minane, hana mke, hana nywele.

Karibu na gati kuna duka dogo la Nermin, mjane anayeuza nyuzi za kufumia na vifungo. Saffet alipita pale kila siku na hakutoka mikono mitupu. Kwake juu kulikuwa na vifungo vya kutosha kushona sare za kikosi kizima, na hajui kushona. Siku moja upepo ulimpokonya kofia ikabingirika mpaka mlangoni kwa Nermin. Nermin aliizuia kwa ufagio, akamwambia, "Bwana Saffet, kofia yako inanitembelea kuliko wewe."

Mtu mwingine angejibu kitu. Saffet alienda kupandikizwa nywele.

Hakutuambia. Alirudi na bendeji kichwani na uso umevimba kama unga ulioumuka. Hacer alipomwona ngazini alidhani amepigwa.

"Nani kakufanya hivi, shemeji?"

"Nimelipia mwenyewe," akasema.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Picha za kwanza zilionyesha nywele fupi fupi zimesimama kwa mistari. Tukafurahi. Zilizofuata zilionyesha kwamba zimepungua. Halafu zikaisha kabisa, kichwa kikawa kama zamani, ila chekundu. Saffet alisema kliniki walimwonya kwamba zilizopandwa huanguka kwanza, ndipo zingine huota palepale. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano tu, lakini hata angekuwa mwalimu mkuu nadhani jambo hilo lingemsumbua. Unapandaje kitu ili kianguke?

Tulituma picha, na kila mwezi jibu lilikuwa moja: "Hali ni nzuri sana. Endelea hivyohivyo." Nywele zilipokuwepo, hali nzuri sana. Zilipokwisha, hali nzuri sana.

Siku moja Saffet akaniambia, "Kaka Yakup, hebu kaa wewe kwenye kiti."

"Mimi? Kwa nini?"

"Kaa tu."

Mimi nina upara tangu nilipotoka jeshini na sijawahi kuuwazia. Nilikaa. Alipiga picha ya utosi wangu, akaituma. Kabla Hacer hajaleta chai, jibu likaingia: maendeleo mazuri, hongera, endelea hivyohivyo.

Hacer alicheka mpaka akaweka birika chini. "Hongera, mume wangu. Hujapanda na zimeota."

Saffet hakucheka. Kuanzia hapo aliacha kuamini maneno ya kliniki, akabaki anaamini picha tu. Alizipanga kwenye simu, ya mwezi huu kando ya ile ya mwezi uliopita, akazivuta kwa vidole zikawa kubwa mpaka sikuweza tena kujua kama ninaangalia kichwa au shamba lililolimwa. Lakini kweli, zilianza kuota. Kwanza nyembamba kama za mtoto mchanga, kisha nyeusi. Picha ya mwezi kabla ya Idi ilikuwa nzuri sana, na kwa mara ya kwanza kliniki na sisi tulikubaliana.

Idi ndiyo iliyokuwa jambo lenyewe. Kijana wa Nermin anaishi Izmir, na alikuwa anamshinikiza mama yake ahamie huko pamoja na bibi yake baada ya sikukuu. Hacer aliisikia habari hiyo dukani, akamwambia Saffet palepale ngazini.

"Ukingoja nywele zifike mabegani, utaenda kuwapungia mkono kituoni."

Basi Saffet akaamua kwamba siku ya Idi, tukienda kuwasalimia, ataposa. Kwetu mtu hajiposei mwenyewe, mwingine humsemea. Saffet hana baba wala mjomba mjini. Akaniomba mimi. Mimi ambaye hata mkate naununua kwa kunyoosha kidole.

"Sijui kusema," nikamwambia.

"Ni maneno machache, kaka. Kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume, halafu jina lake, halafu langu."

"Na wakikataa?"

"Hapo hutasema chochote. Hiyo unaiweza."

Mchana wa kuamkia Idi alishuka kupiga picha, ingawa mwezi haujaisha. Alitaka kuhakikisha. Tatizo halikuwa paji la uso. Nermin anaishi na mama yake, Bi Behice, na siku ya Idi lazima umbusu mzee mkono, uulete kwenye paji lako. Ukiinama hivyo, utosi wako uko chini ya pua yake. Hakuna pa kuuficha.

Nikapiga. Nikaangalia simu, sikuelewa. Nikapiga tena. Kwenye picha ngozi ilikuwa inang'aa, na nywele zilikuwa chache, zimetawanyika kama za mgonjwa. Nilimtazama Saffet mwenyewe. Nilimshika kichwa. Nywele zilikuwepo, nilizisikia kwenye kiganja.

"Leta," akasema, akaichukua simu. Aliivuta picha kwa vidole. "Zimeanguka tena."

"Hazijaanguka. Mimi nazishika."

"Picha inasema zimeanguka."

"Na mkono wangu unasema zipo. Labda simu ina kasoro."

"Simu ileile, kiti kilekile, dirisha lilelile. Kilichobadilika ni kichwa." Akavaa kofia. "Siendi kesho."

Alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tumekaa hivyo kama wafiwa Hacer alipoingia na beseni. Alikuwa akifua mapazia, kama wanawake wote wa mtaa wanavyofanya kabla ya Idi. Alipanda kwenye kochi, akaanza kuyatundika yangali yanadondosha maji, ili yakauke yamenyooka. Lile pazia jeupe jembamba liliposhuka dirishani, chumba kizima kikapoa.

"Mna nini nyinyi?" akauliza.

Saffet alimpa simu. Hacer aliangalia picha, akamwangalia Saffet, akaangalia dirisha.

"Vua kofia. Yakup, mpige tena."

Nikampiga. Nywele zilirudi.

Tulizitazama picha mbili, moja baada ya nyingine. Hacer akasema jua lilikuwa linampiga kichwani moja kwa moja, na miezi yote tulikuwa tunapiga huku pazia limeshuka. Alifikiri ametusaidia. Saffet alizidi kuchanganyikiwa.

"Sasa kichwa changu ni kipi? Cha pazia au kisicho na pazia?"

"Vyote viwili," nikasema, nami sikujua maana yake.

"Nyumba ya Nermin ina mapazia," akasema Hacer. "Kaa mbali na dirisha, inama haraka, umalize."

Asubuhi ya Idi mimi na Saffet tulikwenda na boksi la peremende. Saffet alinyolewa vizuri shingoni, suti yake ilipigwa pasi na mimi mwenyewe, maana pasi ndiyo kazi yangu. Nermin alitufungulia mlango akiwa na gauni la buluu. Saffet aliitundika kofia kwenye msumari. Tukaingia sebuleni, nikasimama.

Madirisha yalikuwa wazi kabisa. Hakuna hata pazia moja. Jua lilimwagika mpaka kwenye zulia, na Bi Behice alikuwa amekaa katikati ya jua hilo.

Nilichokielewa ni kimoja tu: wameshafungasha. Wanaondoka. Nilimtazama Saffet, nikaona naye ameelewa hivyohivyo. Lakini mkono wa mzee ulikuwa umeshanyooshwa. Aliinama, akaubusu, akauleta kwenye paji. Alipotaka kuinuka, Bi Behice alimshika sikio.

"Ngoja hapo. Nermin, nipe miwani yangu."

Alipewa. Aliuchunguza utosi wa Saffet kama mtu anayechagua mchele.

"Zimepandwa kwa mistari, kama vitunguu. Nani kapanda?"

"Kliniki, mama," Saffet akasema, bado ameinama.

"Wamezitoa wapi?"

"Kisogoni, mama."

"Na kisogoni wakaweka nini?"

"Hawakuweka kitu, mama."

"Basi wamezihamisha tu. Na hapa kati pamebaki uwazi."

"Pataota, mama. Wamesema kabla ya mwaka kwisha."

Sijui nini kilinipata. Labda neno lile la kuhamisha. Kwetu kahawa hutangulia, kisha mazungumzo, kisha ndipo mtu hukohoa na kuanza kuposa. Mimi sikuwa hata nimekaa.

"Kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume," nikasema, "msihame."

Wote walinitazama. Nilisahau kabisa majina yanayofuata.

"Tuhame twende wapi?" akauliza Bi Behice.

"Izmir. Mapazia hayapo."

"Mapazia yako kwa fundi, tulimpa ayapunguze urefu, aliapa yatakuwa tayari kabla ya sikukuu. Fundi gani anasema kweli?" Kisha akamwachia Saffet sikio, akanigeukia. "Ulikuwa unaanza kusema nini, wewe?"

Nikayataja majina, Nermin awe mke wa Saffet, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia vizuri. Nermin aliondoka kwenda jikoni kupika kahawa.

Hacer alikuwa amenielekeza niangalie kahawa. Mwanamke akikubali, humtilia mposaji chumvi badala ya sukari, na mwanamume lazima aimalize bila kukunja uso. Asiyemtaka mtu hajisumbui kumharibia kahawa. Nermin alileta sinia. Nilimkazia macho Saffet. Alikunywa yote, ametulia, akarudisha kikombe.

Hakuna anayekunywa chumvi hivyo, nikajua tumekataliwa. Tukaaga. Tulipofika ngazini nikamwuliza, "Haikuwa na chumvi?"

Alisimama. Akalamba midomo. "Sikuangalia."

"Chumvi haiangaliwi, Saffet. Inaonjwa."

"Nilikuwa nawaza lile jua."

Tulisimama pale, yeye anajilamba midomo, mimi nashika ukuta. Mlango wa juu ukafunguka. "Bwana Saffet," Nermin akaita, "umeacha kofia yako."

Alipanda kichwa wazi. Nilimngoja mpaka miguu ikaniuma. Aliposhuka, hakuwa na kofia.

"Iko wapi?"

"Amesema ibaki pale pale kwenye msumari."

Izmir hawakwenda. Mwezi uliofuata nilimwekea Saffet kiti kwenye vipande vya utepe, nikangoja. Hacer akaniuliza ninamngoja nani wakati Nermin anampiga picha dukani kwake, mlangoni, penye jua kali, na kliniki inajibu kwamba hali ni nzuri sana. Nilirudisha kiti jikoni.

Siku ya harusi nilipata ujasiri, nikamwuliza Nermin kuhusu ile kahawa. Alisema alitia chumvi vijiko viwili vilivyojaa. Saffet, aliyekuwa amekaa kando yake, aliapa kwamba haikuwa na chumvi hata chembe, tena ilikuwa tamu. Wote wawili ni watu wakweli.