Kaka Asiyekubali Bei ya Kwanza

Kaka yangu hakuwahi kukubali bei ya kwanza. Kule Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya viatu huko Uchina, tulikokuwa tukinunua viatu vya kupeleka Dar es Salaam, akitajiwa bei alicheka, akakiweka kiatu chini na kuondoka. Akifika mlangoni alipunguza mwendo. Mwenye duka aliita, "Pengyou, rafiki, rudi, rudi!" Naye alirudi, bei imeshashuka. Mimi niliona haya mpaka basi, na yeye alinitania kwamba haya hailipi kodi ya nyumba.

Ndiyo maana asubuhi ile mahakamani, nikiwa benchi la nyuma, sikumwogopa hakimu. Nilimwogopa kaka.

Kosa alikuwa amekiri. Viatu vilikuwa na nembo za bandia, na alijua. Tangu akamatwe hatukuruhusiwa kumwona, kwa hiyo habari zake zote zilinifikia kupitia kwa wakili wake, mwanamke wa Kichina asiyependa maneno mengi. Ofisini kwake, mtaa wa Xiaobei, alinieleza mambo yalivyo: kaka amesaini kukiri kosa na kukubali adhabu iliyopendekezwa, miaka mitatu, na kwa kusaini amepunguziwa. Haki ya kukata rufaa bado anayo. Ila akikata, mwendesha mashtaka naye anaweza kuipinga hukumu, na mahakama ya juu ikaongeza miaka.

"Nimemweleza yote hayo," alisema. "Amenijibu kwamba miaka mitatu ni bei ya kuanzia."

Kwa watu wengine ungekuwa mzaha.

Mama naye hakunipa nafuu. Alipiga simu kila siku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwambie kaka yako akate rufaa. Watu wanakata, wanatoka."

"Mama, huku wanaweza kumwongezea."

"Wamwongezee wana wazimu? Mwambie asiwe mjinga."

Nilishindwa hata kumkasirikia. Yeye ndiye aliyemfundisha kaka kupatana bei, Kariakoo, tangu akiwa mdogo.

Hakimu alisoma, mkalimani akafasiri polepole: miaka mitatu. Kisha likaja swali nililokuwa nikiliota kila nikifumba macho. Je, mshtakiwa ameielewa hukumu? Atakata rufaa?

Kaka alitabasamu. Nalijua lile tabasamu la kupatana bei, nimelibebea mizigo miaka mingi. Tulikatazwa kusema lolote, basi nikabaki kuomba Mungu kimoyomoyo anifumbie mdomo wa kaka yangu. Akageuza shingo akanitafuta. Nilitikisa kichwa kidogo tu, askari asione. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Tabasamu likamfifia. Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu kibovu dukani baada ya kulipa.

"Sikati rufaa," alisema.

Mkalimani akayageuza maneno yale kuwa Kichina, karani akaandika, basi. Nilidhani hofu imekwisha.

Askari wakamshika mikono, mmoja huku mwingine kule, wakaanza kumtoa. Hakugeuka tena. Alitembea wima, kwa mwendo wake wa sokoni, na alipofika mlangoni akapunguza hatua.

Niliziba mdomo kwa mikono yote miwili nisije nikamwita arudi. Askari walimsukuma kidogo begani, akatoka.