Wafalme Wanne na Pilau ya Idd

Mjukuu wangu, aliyezoea kunijibu Kiswidi hata nikimuuliza kama amekula, siku hiyo alinieleza somo lake la shule kwa Kiswahili, tena kilichonyooka. Warumi wa kale, alisema, nchi yao iliwazidi ukubwa, ikagawiwa wafalme wanne: wawili wakubwa, wawili wadogo, kila mmoja na upande wake. Wakubwa wakistaafu, wadogo wanapanda. Mimi sikupita darasa la tatu, lakini hapo niliona akili.

Ilikuwa miaka ya sabini, tunakaa Hjulsta, mtaa wa maghorofa huko Uswidi, na Idd imekaribia. Pilau ya Idd pale ilikuwa yangu. Watu walitoka mpaka Vårby gård, upande wa pili wa jiji, kuja kuila. Ila jiko la umeme la fleti halibebi sufuria la shughuli. Basi nikagawa himaya, majiko manne: wakubwa mimi na jirani yangu Mganda wa ghorofa ya tano, wadogo mkamwana wangu na nesi mmoja wa Tanga. Nikawaambia, jikoni kwako mfalme ni wewe, asikuingilie mtu.

Nyama yote nilichemsha mimi, nikaitia chumvi ya kutosha, nikampelekea kila mmoja fungu lake na supu yake. Habari ya chumvi sikuitaja. Mwanamke mzima hajui kuonja?

Hawakuonja. Wakatia chumvi wote watatu, na Mganda akaongeza nyanya. Siku ya Idd, kwenye ukumbi tuliokodi, tukamimina na kuchanganya kwenye masinia, ndipo nikatia tonge mdomoni. Chumvi tupu.

“Nani kawaambia mtie chumvi?”

“Nani alitukataza, Mama?” mkamwana akasema, macho chini.

“Si ulisema nisiingiliwe?” Mganda akacheka. “Mimi nimetawala.”

Wageni walikula wakimaliza maji jagi kwa jagi. Hakuna aliyeomba kuongezwa. Miaka yote ya nyuma sinia halikuwahi kurudi na wali, mpaka Idd ile.

Nyumbani hasira nikamshushia mjukuu.

“Hao wafalme wako waliishia wapi?”

“Walipigana, Bibi. Yule aliyeanzisha alistaafu, akaenda kulima kabichi.”

“Na hukuniambia.”

“Uliondoka sijamaliza. Ulikimbilia kuwapigia simu wapishi wako.”

Kweli, nilikimbia. Lakini kabichi ningelima wapi Hjulsta? Idd iliyofuata nilipika peke yangu, masufuria manne, moja baada ya jingine. Chumvi nilimwachia mkamwana aionje.